Ghorofa 28 za Mbao

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo sungura kapumzika na fisi kaenda zake. Nina hadithi ya nyumba. Nyumba yenyewe imechorwa iwe na ghorofa 28, isimame kule Unguja karibu na bahari, na sehemu kubwa ya mwili wake iwe ya mbao. Tayari namsikia mmoja wenu akicheka. Hapa Lushoto mbao ni kenchi, dari, kitanda na banda la ng'ombe. Mtu akijenga nyumba ya mbao tupu kando ya barabara ya Magamba, majirani husema huyo bado anatafuta hela ya tofali. Nani basi anayetaka kuzipandisha mbao mpaka huko juu, tena pwani, kwenye chumvi na mchwa?

Wenye shauri hilo ni kampuni ya CPS, inayojenga mji mpya wa Fumba Town kwenye rasi ya Fumba, kusini ya Mji wa Zanzibar. Mwaka 2022 walitangaza mnara wao wakauita Burj Zanzibar. Aliyeuchora ni msanifu majengo Leander Moons wa OMT Architects. Kwenye michoro kimo chake ni mita 96, na ndani mna nyumba za kuishi 266 pamoja na sehemu za biashara. Hadithi yangu basi ni ya jengo la kwenye karatasi, na mimi naona hapo ndipo pazuri pa kujifunzia ujenzi. Jengo likiwa bado karatasini unaweza kulihoji utakavyo, na likishindwa kujibu hakuna anayeumia.

Kwanza tupime kimo. Mti wa mkulo ulioachwa uzeeke katika msitu wa Magamba hufika mita 30 na kupita. Pandisheni mikulo mitatu ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine, ndipo mtakaribia paa la mnara. Lakini msitishike. Mkisimama kwenye jabali la Irente mkachungulia Mazinde na mashamba ya mkonge, macho yenu yanashuka karibu mita 1,000. Minara kumi ya Fumba ikipandiana ndiyo ingewafikia miguuni. Mtoto wa milima hii ya Usambara hana sababu ya kushangazwa na urefu. Cha kumshangaza ni hiki: jabali la Irente halikumngoja mtu alichore, ila kwenye mnara kila kilo moja lazima itafutiwe njia ya kufika ardhini, na njia hiyo ijulikane kabla ya mtu yeyote kuhamia.

Huyo Uzito ndiye mhusika mkuu wa hadithi yangu. Mkumbukeni, atarudi kila mahali.

Sasa mtaniuliza, kwa nini watu walale juu ya maduka? Mbona hilo ni jambo la kale. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar mkatazame nyumba za maduka ambazo wafanyabiashara wa Kihindi walizijenga katika karne ya 19. Chini kuna milango ya mbao inayofunguka upana wote wa duka, nyuma yake stoo, na juu inakaa familia, yenye roshani ya kupungia upepo. Ardhi ya mji wa bandari ni finyu, kwa sababu upande mmoja umeshachukuliwa na bahari, na kila mtu anataka kuwa jirani na mahali meli zinapofunga gati. Anayepata kiwanja kidogo huenda juu. Chini anawaachia wateja, vumbi na kelele. Juu anabaki na faragha yake.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni vivyo hivyo, tena kwa wingi zaidi. Kabichi na karoti zenu zikishapakiwa kwenye fuso huteremka Soni, Mombo, zikaenda zake mpaka masoko ya Dar es Salaam. Waliowahi kusindikiza mzigo wamejionea: chini fremu za nguo na simu, ghorofa za katikati stoo, na juu kabisa sare za shule zimeanikwa dirishani. Hakuna aliyewafundisha Kariakoo jambo hilo kwa kitabu. Bei ya kiwanja iliwafundisha.

Ila kuna ugomvi humo, na msanifu ndiye anayelipwa kuusuluhisha. Mwenye duka kubwa hataki nguzo katikati ya bidhaa zake; anataka uwanja. Anayelala juu yake anataka kuta: chumba cha wazazi, cha watoto, jiko, choo. Sasa ukuta wa ghorofa ya tano unashuka na mzigo wake, unafika chini unakuta hakuna wa kuupokea. Pale ulipotegemea ukuta mwenzake pana mtu anauza friji. Uzito hawezi kuning'inia hewani akisubiri watu waelewane. Hapo njia ni mbili. Ama nguzo zinyooke kutoka paani hadi msingini, na mwenye duka azivumilie. Ama kati ya maduka na makazi uwekwe mhimili mnene wa zege, ambao kazi yake ni kukusanya mizigo yote ya juu, kuihamisha pembeni na kuikabidhi kwa nguzo chache zilizonona. Njia ya pili inampendeza muuza friji, lakini inakula zege na nondo, na ikikosewa inakosewa pakubwa. Mimi ningechagua ya kwanza. Friji zinaweza kuzunguka nguzo.

Na milango nayo isichanganywe. Mkazi anayerudi usiku na mtoto aliyelala begani asipite katikati ya foleni ya wanunuzi. Taka za mgahawa zisishushwe kwa lifti wanayopandia wagonjwa na wazee. Mambo hayo yanaonekana madogo, ila jengo likishakamilika huwezi kuyarekebisha bila nyundo.

Turudi kwa Uzito. Chukueni rula zenu za shule. Ilazeni rula juu ya vitabu viwili vilivyoachana kidogo, mbonyeze katikati kwa kidole. Sasa vitenganisheni vitabu mara mbili ya mwanzo, mbonyeze tena kwa nguvu ileile. Urefu umeongezeka mara mbili, lakini rula imepinda mara nane. Kisha isimamisheni kwa ubavu wake mwembamba, mbonyeze. Haipindi, au inapinda kidogo mno hata hamwoni. Katika majaribio hayo mmeshapata nusu ya elimu ya mihimili: umbali ni adui mkali kuliko anavyoonekana, na kimo cha mhimili ni rafiki mkubwa kuliko upana wake.

Waashi wa pwani waliyajua hayo bila rula. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake wakalaza miti ya mikoko kutoka sehemu kama delta ya Rufiji. Miti hiyo waliipanga kwa unene na kuipa majina: boriti ndiyo minene, kisha mazio, pau na fito. Boriti ni ya mviringo, huwezi kuisimamisha kwa ubavu ili upate nguvu zaidi, na mkoko haunenepi kwa kuombwa. Ukiitandaza zaidi ya mita tatu hivi chini ya sakafu nzito ya mawe na chokaa, inaanza kulegea. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Majahazi yalizibeba boriti hizohizo mpaka Oman na Kuwait, na huko nako vyumba vikawa vyembamba. Mti uliokatwa matopeni Rufiji ndio ulioamua kitanda cha tajiri wa Muscat kikae upande gani wa chumba.

Sultani Barghash wa Zanzibar alitaka kuivunja sheria hiyo ya boriti. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari, akaizungushia nguzo ndefu za chuma ili apate veranda pana zisizowezekana kwa mikoko. Watu walishangaa kweli. Lakini chuma kando ya bahari kinahitaji kutazamwa kila mwaka kwa miaka yote. Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na mafundi wawili wakafa. Lilikuwa limesimama miaka 137.

Hapa sitaki kuwaficha neno, ijapokuwa ninyi ni watoto. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mkimwona fundi anamwaga zege, mtazameni anafanya nini pembeni. Fundi wa haki hujaza zege lilelile katika vikasha vya chuma vya sentimita 15 kila upande. Vipande hivyo hutunzwa kwenye maji, vingine vikapasuliwa kwa mashine siku ya 7, vingine siku ya 28, ili ijulikane vinavunjika kwa mzigo gani. Kipande kikivunjika mapema, nguzo waliyoimwaga siku ileile nayo inashukiwa. Huo ndio ushahidi. Rangi nzuri ya ukutani haijathibitisha kitu.

Haya, sasa mbao. Mbao za mnara si ubao mmoja uliopasuliwa kutoka kwenye gogo moja. Hakuna gogo la kutosha duniani. Kiwandani wanachukua mbao za kawaida za misonobari, zile mnazoziita paini, wanazikausha sawasawa, wanaondoa vipande vyenye macho makubwa, halafu wanazibandika kwa gundi na kuzikandamiza kwa mashine. Zikibandikwa zote zikielekea upande mmoja, zinatoa nguzo na mihimili minene kuliko mti wowote wa msitu wetu wa Shume. Zikibandikwa kwa tabaka, tabaka moja likienda urefu na linalofuata likikata upana, zinatoa bapa kubwa la sakafu au ukuta ambalo halijikunji na halipasuki kwa kufuata nyuzi zake. Ukitaka mhimili uwe na kimo kikubwa, unaongeza tabaka. Lile lililomshinda mwashi wa Lamu, yaani kuinenepesha boriti, gundi imeliweza.

Na Uzito anapungua. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo kama 2,400. Ya paini kavu ina kilo 500 hivi. Jengo likiwa jepesi, msingi wake haulemewi sana, na kwenye pwani yenye mawe ya matumbawe yenye mapango na mianya, msingi ndio unaomnyima mhandisi usingizi. Tena vipande vinakuja vimekatwa tayari, vina namba, matundu ya mabomba yameshatobolewa. Winchi inanyanyua, mafundi wanafunga skrubu ndefu za chuma. Eneo la ujenzi linakuwa na kelele chache na foleni fupi ya malori ya kokoto.

Moto je? Nilijua tutafika hapo. Kumbukeni jikoni kwa bibi yenu usiku wa baridi ya Juni. Njiti huisha mara moja. Lakini lile gogo nene la mti mkavu lililosukumwa kwenye mafiga jioni, asubuhi bado lipo: nje limekuwa mkaa, na ukilipasua kwa shoka ndani ni mti mzima, wa rangi yake. Mkaa ulioungua kwanza unauzuia moto kuingia ndani haraka. Kwa mbao nene za paini moto hula takriban milimita 40 kwa saa. Basi mhandisi anahesabu: nguzo inahitaji unene fulani kumbeba Uzito, na juu ya unene huo anaongeza wa kuliwa na moto kwa saa mbili, wakati watu wanashuka ngazi. Chuma kisichofunikwa kina tabia mbaya zaidi. Kikifika nyuzi joto 600 hivi kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, kinapinda na kuangusha mzigo kilioubeba. Pamoja na hayo yote, darini huwekwa vinyunyizio vya maji, na mimi nisingelala ghorofa ya ishirini pasipo hivyo, iwe ya mbao au ya zege.

Ndiyo maana pia mnara wa Fumba haukuchorwa kuwa mbao tupu. Katikati una kiini cha zege na nondo kinachopanda kutoka chini hadi juu. Humo ndimo ngazi na lifti, kwa kuwa njia ya kukimbilia haifai kujengwa kwa kitu kinachoweza kuwaka. Kiini hicho kina kazi ya pili. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini unausukuma mnara kwa ubavu, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyozidi nguvu. Kiini ndicho uti wa mgongo unaouzuia mnara kuyumba sana.

Na sasa Uzito anabadilika, adui anakuwa rafiki. Kule Norway, katika mji mdogo wa Brumunddal ulio kando ya ziwa Mjøsa, mwaka 2019 walimaliza mnara wa mbao uitwao Mjøstårnet. Una mita 85.4 na ghorofa 18, ndani yake ofisi, hoteli na makazi. Wahandisi waligundua kwamba mbao ni nyepesi mno; upepo ungeuyumbisha mnara hadi wakaaji wa juu wakahisi kichefuchefu. Walifanya nini? Sakafu za ghorofa saba za juu wakazijenga kwa zege, makusudi, ili mnara uwe mzito kichwani na uyumbe polepole. Nimewasimulia watu wazima jambo hili na wengi wamebisha. Bisheni na ninyi, ila kahesabuni kwanza.

Mwenzake uko Milwaukee, mji wa bandari kwenye ziwa Michigan huko Marekani. Unaitwa Ascent, ulikamilika 2022, una mita 86.6. Ghorofa sita za chini ni za zege, zikiwa na maegesho ya magari na biashara. Juu yake ghorofa 19 za mbao ambamo watu wanaishi. Mnaona suluhu ya ule ugomvi wa duka na chumba cha kulala? Chini waliacha zege libebe upana, juu wakaacha mbao zibebe nyumba. Mchoro wa Fumba ukijengwa kama ulivyotangazwa, utaipita minara yote miwili.

Bahari ina hila zake, nitazipitia upesi. Chumvi ikipenya kwenye zege inakula nondo. Nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni hautumiki, na nondo hufunikwa kwa zege nene kuliko hapa kwetu. Mchwa huzuiwa kwa kuanza mbao juu ya ghorofa za zege, mahali fundi anaweza kuona njia zao za udongo na kuzibomoa. Mvua huzuiwa kwa vibaraza vipana, dawa ambayo kila nyumba ya zamani ya Lushoto inayo.

Maji yanastahili neno zaidi, maana ninyi watoto wa mabondeni ni wataalamu wake. Bomba la kijiji lililo mtelemkoni linarusha maji mpaka ndoo inapinduka, na la juu karibu na chemchemi linadondoka matone. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo unaotosha kuhangaisha koki. Mnara wa mita 96 ukiwekewa tangi moja paani na bomba moja hadi chini, koki za ghorofa ya kwanza zitapasuka, na za ghorofa ya 28 zitachuruzika. Kwa hiyo jengo hugawanywa kimaji kuwa vijiji kadhaa vilivyopandana, kila kimoja na pampu yake au kifaa cha kupunguza msukumo. Umeme ukikatika, pampu hulala. Mwenye kuuza nyumba ya ghorofa ya 25 mwulizeni habari za jenereta kabla ya kumwuliza habari za mandhari.

Na mbao za mnara huo, nani atakayezitoa? Hapa babu yenu ana la kusema. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliufungua msitu wa Shume kwa ajili ya mwangati, ule mti wenye harufu nzuri unaofaa hata kwa penseli. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasulia huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow. Magogo na mbao ziliteremshwa kwa njia ya waya wa kuning'inia, juu ya magenge, mpaka stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga, na kutoka hapo bandarini. Kumbe milima yetu ilishawahi kuilisha bandari kwa mbao, na mwangati haukurudi haraka kama walivyouondoa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, hata akija mwenye kampuni na koti zuri. Mkulo wa Magamba na mwangati uliobaki visiguswe. Msitu wa asili ndio unaoshika maji ya mifereji yenu. Lakini paini ni zao, hupandwa, hukomaa kwa miaka 18 hadi 25, hukatwa na kupandwa tena. Serikali ina Shamba la Miti Shume hapa kwetu, na lile kubwa kuliko yote la Sao Hill kule Mufindi. Kutengeneza saruji huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani, ilhali karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni ambayo mti uliinyonya hewani, na inabaki humo maadamu nyumba imesimama. Ningependa siku moja mmoja wenu awe na kiwanda cha kubandika mbao pale Mombo, barabara na reli zikiwa mlangoni pake. Kusafirisha magogo ghafi kwenda mbali na kuyanunua yakirudi yamebandikwa, hesabu hiyo imewatia umaskini wengi.

Bado hamjauliza swali ambalo bibi yenu angeuliza kwanza: kinu je? Atakayetwanga kisamvu ghorofa ya 19 atasikika kwa wakaaji wa ghorofa ya 18 kama anatwanga juu ya kitanda chao, kwani sakafu ya mbao nyepesi hupitisha kishindo. Wasanifu hulaza juu yake tabaka la mpira au sufu ngumu, kisha zege jembamba, na wakati mwingine dari ya chini huning'inizwa isigusane na sakafu. Kishindo kinapungua, hakiishi. Nadhani watakubaliana kutwanga mchana.

Na paa ni la nani? Hapa nyumbani jibu ni rahisi, paa ni la mwenye nyumba. Likivuja anapanda mwenyewe na bati lake. Kwenye mnara wa nyumba 266, anayekaa ghorofa ya pili hajawahi kuliona paa na halimvujii. Zanzibar ilitunga sheria ya watu kumiliki nyumba ndani ya jengo la pamoja mwaka 2010, na Tanzania Bara ilikuwa na yake tangu 2008. Kila mmoja anamiliki vyumba vyake, na wote kwa pamoja wanamiliki paa, lifti, ngazi, pampu na kuta za nje. Wanachanga kila mwezi, wanakutana, wanachagua viongozi, wanagombana kuhusu rangi. Michango ikikosekana, tangi linaoza kabla ya mbao. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilianza kufa hivyo baada ya mwaka 1964, zilipogawiwa wapangaji wengi bila wa kushughulikia dari: maji yaliingia kwenye chokaa, yakazifikia ncha za boriti zilizojificha ukutani, zikaoza pasipo mtu kuziona. Kwa hiyo mkipelekwa kuuona mnara wa Fumba siku utakaposimama, mwulizeni mlinzi mkutano wa wakaaji unafanyika lini, na wangapi huhudhuria.